Kusahihisha bila kunyamazisha

Kila mara tunapoandika masimulizi ya wazee hapa Kalengera, ugomvi ni ule ule: karatasi zikisha kupigwa mashini, nani atasahihisha, na atasahihisha nini? Wenye masomo wanataka Kiswahili bora, cha vitabu. Wazee wanajibu: «Ile haiko tena maneno yetu.» Kuna kitabu kimoja kinachoweza kutusaidia.

Mwaka 1965, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Aliiandika kwa ajili ya chama cha watu waliotumika zamani katika nyumba za Wazungu, wale walioitwa maboyi. Maandishi yenyewe ni magumu: nukta ni chache, maneno yameunganishwa ao yamekatwa pahali tusipongojea. Mwalimu wa shule angeyajaza wino mwekundu.

Johannes Fabian, mtaalamu wa desturi za watu, alipoyatoa katika kitabu mwaka 1990, hakufanya vile. Aliacha maandishi ya kwanza kama yalivyo. Kisha Kalundi Mango, mwenye kuzaliwa na lugha ile, akayasoma kwa sauti, na usomaji wake ukaandikwa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Njo kazi nzuri ya kusahihisha: sikio lilitangulia kalamu. Tuseme mzee ameandika «hapanakulipa». Je, ni «hapana kulipa» ao «hapa na kulipa»? Kamusi haijui. Mwenye lugha akisoma kwa sauti, na sentensi nzima ikisikika, jibu linatoka.

Lakini kitabu kile kina upungufu. Maelezo yake ni ya Kiingereza. Mtu wa Lubumbashi ao wa Rutshuru asiyejua Kiingereza anapata maneno ya baba zake, ila hapati mazungumzo juu ya maneno hayo. Baadaye maandishi yakawekwa kwenye intaneti, na hiyo ni faida kubwa. Lakini kuyafikia si kushiriki.

Kwetu basi, nasema tutenganishe kazi mbili. Yenye kuzuia msomaji, tuitengeneze bila woga: nafasi kati ya maneno, nukta, majina ya vijiji, aya. Yenye kubeba ushuhuda, tuiache. Ukigeuza «boyi» kuwa «mtumishi wa nyumbani», umeandika vizuri, lakini umefuta dharau ambayo yule mtu aliibeba miaka mingi. Ukigeuza «batu benyewe» kuwa «watu wenyewe», hakuna maana iliyopotea, lakini msomaji hasikii tena nani anasema. Na mzee akitaja mwaka usiolingana na vitabu vya historia, tusiubadilishe ndani ya maneno yake. Tuandike chini ya ukurasa kile vitabu vinasema.

Tena, nakala ya kwanza isitupwe. Masahihisho yasomwe mbele ya mwenye kusimulia, ao mbele ya jamaa yake kama amekwisha kufa, kabla ya kuchapa. Kazi hii inakula siku nyingi na franga pia. Lakini Katiba yetu ya 2006 inahesabu Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, na haikusema ni cha Unguja peke yake. Chetu nacho kinastahili kusahihishwa na watu wenye kukisikia.