Damu iliyochukuliwa kabla ya uvimbe

Mvua kubwa ikinyesha Namuwongo, Kampala, maji ya mfereji wa Nakivubo hupanda hadi kwenye milango ya nyumba za bondeni, karibu na reli. Yakishuka, huacha madimbwi na mbu. Mtoto wa miaka mitatu hapa huenda ameshaugua malaria, na yumkini ameshapata pia, kupitia mate ya wanaomlea, kirusi cha Epstein-Barr, bila yeyote nyumbani kujua.

Kirusi hicho kilionekana mara ya kwanza London. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, hapa hapa Kampala, tangu 1957 alikuwa akiwafuatilia watoto waliovimba mataya kwa saratani. Vipande vya uvimbe wao vilisafirishwa kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, wakatangaza kwamba wamekikuta kirusi ndani ya seli zake. Lakini kukutwa mahali pa tukio si kuwa mhalifu. Ikiwa karibu kila mtoto anacho, huenda kilijikalia tu humo.

Kuwapima kingamwili za kirusi hicho watoto waliokwisha kuugua kusingetoa jibu, kwa sababu uvimbe wenyewe ungeweza kuwa ndio uliopandisha kingamwili zao. Ilihitajika damu ya siku mtoto alipokuwa mzima, akicheza, hana dalili yoyote. Na kwa kuwa saratani hii huwapata wachache sana, hapakuwa na njia ya kujua ni damu ya nani ichukuliwe. Basi ikachukuliwa ya wote. Kuanzia 1972, kikosi kilichoongozwa na Guy de Thé, kutoka shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, kilizunguka vijiji vya eneo la West Nile nchini Uganda na kukusanya damu ya watoto wapatao 42,000. Seramu, majimaji ya damu hiyo, ikagandishwa. Kisha wakangoja.

Kungoja huko ndiko ninakokuheshimu kuliko mashine zote. Miaka ilipita, Uganda ikiwa chini ya Idi Amin, na bado kila mtoto aliyegundulika kuwa na uvimbe ilibidi aoanishwe na kichupa chake cha zamani. Waliopatikana walikuwa 14.

Kipimo chenyewe cha kingamwili kilibuniwa na Werner na Gertrude Henle huko Philadelphia. Seli zenye kirusi hukaushwa juu ya kioo, seramu ya mtoto ikadondoshewa juu yake. Kingamwili zikiwemo, hung'ang'ania kirusi. Hapo huongezwa rangi inayozishika kingamwili hizo na kung'aa kijani chini ya darubini maalumu. Seramu huzimuliwa kwa maji ya chumvi, nusu kwa nusu, tena na tena, hadi mng'ao upotee. Inayong'aa hata baada ya kuzimuliwa mno ndiyo yenye kingamwili nyingi. Ya wagonjwa ililinganishwa na ya watoto wazima wa rika na maeneo yao. Matokeo yalichapishwa 1978: waliokuja kuugua walikuwa na kingamwili nyingi miezi mingi kabla ya uvimbe, na mtoto mwenye kiwango hicho cha juu alikuwa katika hatari kama mara 30 kuliko wenzake.

Wengi hudhani kingamwili nyingi ni kinga nyingi. Hapa zilikuwa nyayo za kirusi kilichoenea mwilini. Askari wanaoua seli zilizoambukizwa ni wengine, seli za T. Mwaka 1984 watafiti waliopima damu ya wagonjwa wa malaria nchini Gambia waliwatazama kazini ndani ya visahani vya maabara. Seli za T za watu wazima wa afya zilizima seli zenye kirusi. Zile zilizotoka kwa mgonjwa aliye katikati ya homa ya malaria zilishindwa, na seli zenye kirusi zikaendelea kuzaana.

Homa hiyo ndiyo inayobebwa mgongoni kupelekwa zahanati, hapa bondeni, maji ya Nakivubo yakishapita.