Kidole gumba cha Mwenda wa Bayeke

Treni ya kutoka kusini ilifika kwetu Sakania mwaka 1909, na mwaka 1910 ikafika Lubumbashi. Katika miji ya reli na ya migodi, gitare ikawa yetu. Leo wadogo zetu wanasikiliza blues ya Marekani na kuuliza: namna gani mutu mumoja anapiga sauti mbili? Tunawajibu: hata bazee wa Katanga walifanya vile.

Jean-Bosco Mwenda, ndiye Mwenda wa Bayeke, alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimurekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na "Masanga" ikajulikana mbali. Mukono wake wa kuume ulitumia vidole viwili tu. Gumba kilitembea juu ya nyuzi nene bila kusimama, cha shahada kikaimba juu ya nyembamba. Mississippi John Hurt, aliyerekodi Marekani mwaka 1928, naye aliachia gumba kazi ya kutembea. Hatusemi kama mumoja alimuiga mwenzake. Tunasema kazi ya gumba inafanana.

Sasa neno letu la lawama. Wengi wanaojifunza "Masanga" wanaikariri kutoka kaseti, sauti kwa sauti, halafu wanasema: "Njo ile, nimemaliza." Tunakataa. David Rycroft, aliyeuandika muziki ule kwa noti mwaka 1961 na 1962, aliuita ubunifu wa papo hapo. Mwenda alikuwa anageuza kila alipozungusha. Mwenye kukariri muzunguko mumoja angali mulangoni.

Wengine wanatumia kile kibao kidogo cha gitare ya umeme. Gumba na cha shahada vikishika kitu kimoja, nani atatembea, nani ataimba?

Ndugu musomaji, anza na gumba peke yake, siku nyingi, mpaka uweze kuongea na mutu nalo linatembea. Kisha ongeza cha shahada, sauti mbili ao tatu. Kisha geuza. John Low, Mwingereza, alifika Lubumbashi mwaka 1979 kujifunza kwa Mwenda mwenyewe, hata diski zilikuwako. Mwenda alikufa mwaka 1990. Kama mutaani kwako kuko mzee anayepiga vile, enda ukae karibu naye sasa. Diski inasikilizwa, lakini haikosoe mukono.