Bibi Taratibu na Hesabu ya Vizazi katika The Gunny Sack

Tafiti nyingi kuhusu familia za wahamiaji huchukulia kwamba utangamano wa kitamaduni hukua kizazi hadi kizazi: babu huja na lugha yake, mwana huichanganya na ya jamii mwenyeji, mjukuu huwa mwenyeji kamili. Riwaya ya M. G. Vassanji, The Gunny Sack (1989), iliyoandikwa kwa Kiingereza ingawa maisha yake ni ya Uswahilini, inaivuruga hesabu hiyo.

Dhanji Govindji anatoka Gujarati, anapitia Unguja na kuweka duka Matamu. Huko anaishi na Bibi Taratibu, mwanamke mtumwa, anayemzalia Huseni. Hivyo utangamano wa damu, jiko na lugha unatokea katika kizazi cha kwanza. Baadaye Dhanji anaoa mke wa jumuiya yake, na Bibi Taratibu anawekwa kando. Huseni anapotoweka, babaye anatumia fedha za jumuiya kumtafuta, na mwisho anauawa. Anachorithi Juma, na baada yake Salim, msimulizi, ni utangamano uliokwisha kukanwa.

Muundo unathibitisha jambo hili. Sehemu tatu za riwaya zina majina ya wanawake: Ji Bai, mhifadhi wa gunia la kumbukumbu, Kulsum, mjane mwenye duka Dar es Salaam, na Amina, Mwafrika anayependwa na Salim. Bibi Taratibu, shina la ukoo wa msimulizi, hana sehemu. Jina lake pia lina ushahidi. Majina mengi ya watumwa pwani yalitolewa na mabwana. Hili linataja mwenendo uliotakiwa kwa mtumwa, halitaji nasaba. Msomaji wa Kiswahili hulisikia hilo papo hapo. Asiyekijua huona jina tu.

Yawezekana kudai kwamba ukimya wake ni uaminifu kwa historia, kwani daftari za mfanyabiashara hazihifadhi sauti ya mjakazi. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Vassanji anabuni kwa ukarimu pale daftari zinaponyamaza kuhusu Dhanji. Kwa Bibi Taratibu ukarimu huo unapungua. Riwaya inaomboleza kutengwa kwake huku ikikurudia.

Ndiyo maana penzi la Salim na Amina halisomeki kama mwanzo mpya. Swali la nani ni mwananchi, lililoikabili jumuiya ya Wahindi kwa ukali majengo yalipotaifishwa mwaka 1971, lilikwisha kujibiwa vibaya uani kwa duka la Matamu. Salim anamwita bintiye Amina, ila jina hilo linaitwa ughaibuni.

Tangu Paradise ya Abdulrazak Gurnah itafsiriwe kuwa Peponi (2022), uhakiki wa Kiswahili una sababu ya kudai riwaya kama hii. Tafsiri yake ingemrudisha Bibi Taratibu katika lugha yake, na hapo ukimya wake ungesikika zaidi.