Sanduku linalovunjwa kila mwaka

Mfumo wa AVEC, yaani vikundi vya kijiji vya akiba na mikopo, unaotumiwa na akina mama wa Fizi na Baraka huko Kivu Kusini ulizaliwa mbali, Maradi nchini Niger, ambako shirika la CARE liliuanzisha mwaka 1991. Kivu ilikuwa na likelemba tayari: watu wanachanga na kupokezana kwa zamu. Udhaifu wa likelemba ni kwamba mtoto akiugua kabla ya zamu yako, fedha yako iko kwa mwenzako. AVEC iliweka sanduku katikati. Lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanawake watatu ambao hakuna hata mmoja anayelala na sanduku nyumbani. Kikaoni kila mmoja hununua hisa moja hadi tano. Muhuri hugongwa kitabuni mwake wote wakiona, na asiyejua kusoma huhesabu mihuri yake. Mkopo kwa kawaida hauzidi mara tatu ya akiba. Baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, sanduku huvunjwa, kila mama huondoka na chake pamoja na faida.

Lawama kubwa inahusu kuvunja huko. Katika MUSO, mfumo mwingine wa Kivu wenye sanduku la kijani la akiba, jekundu la msaada na buluu la fedha za nje, mtaji haugawanywi, hukua. Hoja hiyo ni nzito, kwani kwa akiba inayorudi sifuri kila mwaka ni vigumu kununua mashine ya kusaga muhogo. Lakini Fizi ilikimbiwa kwa sababu ya vita 1996 na tena 1998. Wengi walivuka ziwa hadi kambi za Kigoma, na meli za kuwarudisha Baraka zilianza 2005. Penye historia hiyo, mtaji mkubwa uliokaa mikononi mwa wachache hupotea siku moja. Kuvunja sanduku ni ukaguzi usiohitaji mhasibu: wizi hauwezi kufichwa mwaka wa pili.

Riba ya mikopo inanisumbua zaidi. Ni kweli inarudi kwa wanachama, ila anayekopa sana ndiye anayemlipa mwenye hisa nyingi, na mara nyingi mkopaji ndiye maskini. Tena muuza ndagala hategemei kalenda ya kikundi. Wavuvi huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea samaki hupungua. Marejesho yakiangukia siku hizo, atakopa kwingine ili alipe. Kikundi kiyapange kwa mwezi wa angani.

Tusiutwishe mfumo huu kila mzigo. Utafiti wa Kivu Kusini uliochapishwa 2016, kuhusu wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono, ulikuta waliojiunga na AVEC wakila vizuri zaidi na kunyanyapaliwa kidogo zaidi, lakini majonzi na wasiwasi wao havikupungua zaidi kuliko vya wenzao wasiojiunga. Hayo yanahitaji tiba, kama barabara inavyohitaji serikali. Kilicho mikononi mwa akina mama ni tarehe ya kuvunja: mwisho wa Agosti fedha hukuta ada za shule na mbegu, Desemba hukuta sikukuu.