Mizizi ilikuwa hai: Shinyanga ilivyorudishiwa miti yake

Mwaka 1986, serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, Mwalimu Nyerere alikuwa ameshauita mkoa huo jangwa la Tanzania. Jangwa lenyewe lilitengenezwa na watu. Tangu enzi za ukoloni vichaka vilifyekwa ili kumfukuza nzi aitwaye ndorobo, yaani mbung'o. Ikaja pamba, mahitaji ya kuni yakaongezeka, ng'ombe wakazidi malisho. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao, na ngitili ambayo mwenyewe yuko mbali haina mlinzi.

Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zinapoanza, nyasi zikakua bila kuguswa hadi kiangazi kikali. Kwingine kukishakauka hufunguliwa kipande kwa kipande: mifugo haiingii cha pili kabla ya kumaliza cha kwanza. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zimebaki takriban hekta 600 tu katika mkoa mzima.

HASHI haikuanzia hapo. Ilianza na vitalu vya miche, mingi ya miti ya kigeni, kama ilivyokuwa desturi ya miradi ya wakati ule. Lakini mche unahitaji maji, na katika nchi ambayo mama anatembea mwendo mrefu kutafuta ndoo moja, nani atamwagilia mti? Mradi ukageukia ngitili, na hapa ndipo ninapouheshimu. Chini ya ardhi ile iliyoonekana kufa, visiki na mizizi ya migunga ilikuwa bado hai. Eneo likifungwa misimu michache, machipukizi yanatoka yenyewe, na kwa kuwa yana mizizi ya zamani, yanastahimili ukame kuliko mche wowote. Kazi ngumu ikawa kuwazuia watu na ng'ombe wasiingie.

Kazi hiyo haikuhitaji mtaalamu wa kigeni. Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, lilitunga kanuni na kuamua faini, walinzi wa jadi, sungusungu, wakalinda, serikali za vijiji zikaziandika kanuni hizo kuwa sheria ndogo. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zikaimarisha haki ya kijiji juu ya ardhi na misitu yake. Fedha za Norwe, kupitia shirika lake la maendeleo NORAD, na utafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha kilimo-misitu, viliwezesha mambo yasiyopigwa picha: mafunzo, ziara za wanakijiji kwenda kuona wenzao walivyofanya, maofisa waliorudi kijiji kilekile mwaka baada ya mwaka. Mradi uliachwa uishi hadi 2004. Mpango wa miaka mitatu usingeona hata kichaka kikifika kifuani.

Kufikia mwaka huo wa 2004 hekta za ngitili zisizopungua 350,000 zilikuwa zimerudi, katika vijiji 833. Utafiti wa kipindi hicho ulikadiria kuwa ngitili zilimpa mtu mmoja faida ya dola 14 hivi kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mwanakijiji nchini ulikuwa dola 8.50. Sehemu kubwa ya faida hiyo haipiti mkononi kama fedha: ni kuni za karibu, nyasi za kuezekea, dawa, asali, maziwa ya kiangazi. Mwanamke aliyepunguziwa saa kadhaa za kutafuta kuni anaijua thamani yake bila kuambiwa.

Ila faida haikugawanyika sawa. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi alifunga ngitili kubwa. Kaya isiyo na ardhi ya akiba ilibaki kutegemea ngitili ya kijiji, nayo ndiyo ya kwanza kumegwa mashamba yanapohitajika. Mfadhili anayetaka kurudia kazi hii angeanza na hizo za kijiji: azipime na kuzisajili kwa jina la kijiji kabla kaya zenye uwezo hazijaanza kujikatia zao.