Mbolezi, Jina na Kaburi: Kilio cha Bukoba na Muleba

Mbolezi ni utungo wa kumlilia aliyekufa, nao una cheo chake cha zamani katika ushairi wa Kiswahili. Mhakiki aupimapo kwa vina na mizani peke yake huacha swali lililo kubwa zaidi: utungo huu wamfaa nini mfiwa? Swali hili lapimika vema Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kwa kuwa nchi hiyo imefiwa kwa namna mbili ambazo mbolezi ya kawaida haikuzoea kuzisema.

Mfano mashuhuri wa mbolezi ni ule ambao Shaaban Robert aliutia katika Maisha Yangu, alipomlilia mkewe Amina. Utungo huo waanza kwa jina la marehemu, na mshairi asema naye kana kwamba yupo na asikia. Nguvu yake haitoki katika mapambo ya lugha, bali katika ukaribu wa msemaji na msemwa. Hata hivyo, wasimama juu ya nguzo mbili ambazo msomaji huzipita bila kuziona: jina linalojulikana, na mauti yaliyokwisha kuthibitika. Mume amjua amliliaye, na ajua kwamba amekwenda. Nguzo hizo zikiondolewa, yataka kuulizwa utungo utasimama juu ya nini.

Kwa Wahaya, kaburi si shimo la kusitiri maiti tu. Desturi ni kuzika katika kibanja, yaani shamba la migomba lililoizunguka nyumba, ili waliokufa wakae karibu na walio hai, na mrithi apajue alipolala baba yake na babu yake. Brad Weiss, mtaalamu wa mila za watu, aliandika mwaka 1993 juu ya wanawake wa Kihaya waliosafiri kutafuta fedha mijini, kisha wakanunua ardhi kwao. Ardhi hiyo iliwapa pia mahali pao wenyewe pa kuzikwa. Mtu anayefanya kazi maisha yake yote apate mahali pa kulala mwisho wake haoni kaburi kuwa jambo dogo.

Basi na ipimwe kwa kipimo hicho hasara ya tarehe 21 Mei 1996. Meli ya MV Bukoba iliondoka Bukoba jioni ya siku iliyotangulia, ikapitia Kemondo, ikazama asubuhi karibu na Mwanza. Meli ilikuwa na idhini ya kuchukua watu 430. Waliokufa walihesabiwa kwa mamia, na makisio mengine yalikaribia 1,000. Hesabu hizo hutofautiana kwa sababu abiria wa madaraja ya juu waliandikwa, lakini wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Wengi walizikwa pamoja Igoma, Mwanza, mbali na migomba ya kwao. Na wengine ziwa halikuwarudisha. Katika nyumba nyingi za Kagera msiba uliingia bila maiti, na kibanja kikabaki bila kaburi.

Hapa ndipo sanaa zilizorithiwa zilipopungukiwa. Si mbolezi ya Kiswahili peke yake. Wahaya wenyewe wana tendi ziimbwazo kwa nanga, ambazo M. M. Mulokozi alizichunguza katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wana majigambo yaitwayo ebyebugo, ambayo mtu hujitaja jina na matendo yake. Sanaa hizi ni hodari wa kutunza majina, lakini majina yenyewe ni ya mashujaa na wakuu. Mchuuzi wa daraja la tatu, aliyepanda meli na mzigo wake wa ndizi, hana mtu wa kumpigia nanga. Wayunani wa kale, waliokuwa mabaharia, walipata kuitafutia haja hii jawabu: walijenga makaburi matupu kwa waliopotea baharini, na washairi wao, kama Callimachus, wakatunga maandishi mafupi ya kuyaandikia. Mwili ulipokosekana, utungo ulichukua kazi ya kaburi, ukampa mpita njia jina la kusoma.

Namna ya pili ya msiba ni kinyume cha hiyo. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa Kagera. Katika maradhi haya kaburi lilikuwapo, tena makaburi yaliongezeka kibanjani. Kilichofichwa ni jina la ugonjwa. Watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo iliyouzwa na wachuuzi zama zile. Tasfida hiyo ilikuwa na huruma ndani yake, kwa maana ilimsitiri marehemu na jamaa zake. Lakini mtoto aliyezika baba, kisha mama, akanyimwa neno la kutaja kilichowaua, aliachwa na huzuni isiyo na mlango wa kutokea. Huko Nshamba, wilayani Muleba, katika miaka ya 1990 lilianzishwa shirika lililoitwa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kuliwaza. Lilitambua kwamba yatima hahitaji chakula na ada peke yake, bali na mtu wa kuisikiliza huzuni yake. Fundisho hilo lawahusu washairi pia.

Pengine itasemwa kwamba mfiwa ana neno lake tayari: kazi ya Mungu haina makosa. Hapana haki ya kulidharau neno hilo. Limewasimamisha wengi ambao wangalianguka. Kosa si la neno, ni la wakati wake. Likisemwa baada ya marehemu kutajwa, kusimuliwa na kuliliwa, ni faraja. Likisemwa kabla, humfunga mfiwa mdomo, na mbolezi nyingi hulikimbilia katika ubeti wa pili, kana kwamba huzuni ni aibu ya kufunikwa haraka.

Kwa hiyo mbolezi iliyo haki ya Bukoba na Muleba haidaiwi kwanza vina vizuri. Yadaiwa imtaje mtu kwa jina lake na kijiji chake, iseme alikufa kwa nini, na nani amebaki nyumbani akimngoja. Subira na ije baadaye. Mama ambaye mwanawe hakurudi kutoka ziwani hana kaburi la kufyekea majani. Mshairi hawezi kumrudishia mwili, lakini jina aweza kuliweka mahali ambapo atalikuta.