Mgongoni mwa Limuru

Anayekwenda Limuru kwa matatu huketi, hulipa nauli na kushuka. Anayekwenda kwa baiskeli huijua barabara nzima. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Limuru imepita 2,200, na tofauti hiyo haikugawanywa sawasawa njiani: pana vipande vinavyoonekana tambarare kabisa huku pumzi ikikataa kukubaliana na macho. Mwenye baiskeli huamini pumzi.

Nchi yenyewe imeumbwa kwa ajili ya mchezo huu. Mito inayotoka upande wa Nyandarua imechimba mabonde marefu yanayoelekea kusini-mashariki, na kati ya bonde na bonde pamebaki migongo ya ardhi nyekundu. Ukifuata mgongo, unapanda taratibu hadi kwenye chai. Ukiikata migongo, unaporomoka mtoni na kupanda ng'ambo, kisha mto mwingine unakungoja. Wapo wanaopenda mateso hayo. Mimi nafuata mgongo, nipate kutazama.

Kupanda kuna ufundi wake, na sehemu kubwa ya ufundi huo ni kubadilisha gia kabla hujaihitaji. Ukisubiri mpaka miguu ikwame, cheni inakuwa imebeba uzito wako wote. Itapiga kelele na kugoma kuhama. Afadhali uone kilima kingali mbele, ulegeze mguu kidogo, uhamishe gia, uendelee kuzungusha kana kwamba hakuna kilichobadilika. Siku nikiipata gia ileile inayotakiwa, pale inapotakiwa, ninafurahi mpaka Tigoni, jirani na Limuru.

Upepo wa matairi nao una elimu yake. Zamani wenye baiskeli za mbio walipenda matairi membamba, ya milimita 23, yaliyojazwa hadi yakawa magumu kama jiwe. Siku hizi wengi tunatumia ya 28 au zaidi na kupunguza upepo kidogo. Kwenye lami iliyochakaa tairi gumu hurukaruka juu ya kila kokoto, na nguvu iliyopaswa kukusukuma mbele hupotelea kwenye mtikisiko, mgongoni na viganjani mwako.

Lakini raha ninayoithamini kuliko zote ni kuendesha pamoja. Ukizidisha mwendo maradufu, ukinzani wa hewa huwa mara nne. Ndiyo maana anayekaa karibu nyuma ya mwenzake kwenye tambarare hupumzika bila kupunguza kasi. Wa mbele anakata upepo kwa ajili ya wote, kisha anasogea kando, anarudi nyuma, na zamu inahamia kwa mwingine. Nikiwa nyuma sioni barabara. Naona kiuno cha mtu na gurudumu lake. Shimo likija, ni lazima mkono wake ulioneshe kwa kuelekeza chini. Asifunge breki ghafla, asiyumbe. Sijui mchezo mwingine ambamo watu waliokutana alfajiri hiyo hiyo hukabidhiana usalama wao kwa kiasi hiki, bila kula kiapo, kwa ishara za vidole tu.

Utaratibu huo hufunzwa na waliotangulia. Huko Kikuyu, ng'ambo ya migongo hii, David Kinjah amelea vijana wengi kwenye baiskeli. Mmoja wao, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alishinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017. Nami namsifu Kinjah pia kwa wale ambao hawakushinda chochote ila wanajua kupanga mstari, kusubiriana kileleni na kuziba pancha ya mgeni.

Limuru kuna baridi. Vaa koti kabla ya kugeuza, maana jasho la kupanda huganda mwilini wakati wa kushuka, na vidole vilivyokufa ganzi havikamati breki vizuri. Breki yenyewe ishikwe kabla ya kona, iachiliwe ndani yake. Wenye nguvu zaidi husonga hadi ukingo wa Bonde la Ufa na kuteremka Mai Mahiu, penye kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitalia mwaka 1942. Njia hiyo ina malori mengi, kwa hiyo nashauri mapambazuko, mkiwa wawili au zaidi, na chakula cha kutosha mfukoni, kwa sababu njia ya kurudi nyumbani huanza kwa kuupanda tena ukingo huo.